Pikipiki Iliyokufa Imesimama

Pikipiki yetu ilikufa ikiwa imetembea kilomita mia nne sitini na tatu. Nilizisoma mimi kwenye mita, kwa sababu nyumbani kwetu kila kitu chenye namba au Kiingereza huletwa kwangu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Tairi la mbele lilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira linavyotoka navyo kiwandani. Tangi lilikuwa bado limevaa nailoni yake, kwa amri ya baba mdogo, ambaye anaamini kwamba kitu kinaanza kuzeeka siku kinapobanduliwa nailoni. Basi nailoni inang'aa, na chini yake injini imekufa, haishiki, haikohoi, kiki haishuki hata ukiisimamia kwa miguu yote miwili.

Naandika haya kwa sababu kila mtu kijijini ana hadithi yake ya namna ilivyokufa, na zote ni za kijinga. Yangu haina heshima sana, lakini ndiyo iliyotokea.

Kwetu ni upande wa Kharumwa, kilomita tisa kutoka shule ya sekondari ninayosoma. Nipo kidato cha tatu. Kabla yangu alisoma dada yangu, na yeye hakuwa na pikipiki. Alipangishiwa chumba karibu na shule pamoja na wasichana wengine wawili, geto, kama tunavyoviita vyumba hivyo. Shule ile iko jirani na machimbo ya dhahabu. Wanaume waliopata jana, na ambao kesho watakuwa hawana tena, wanapita mbele ya mageto asubuhi na jioni wakiuliza kama kuna mtu ana kiu ya soda. Dada alirudi nyumbani katikati ya kidato cha pili, na mtoto wake sasa ananiita mama mdogo. Baba hakumpiga dada wala hakumfukuza. Alikaa kimya misimu miwili ya mpunga, kisha akauza mpunga wote, akaenda Kahama, akarudi na pikipiki juu ya kenta. Akasema, "Huyu atalala kwangu mpaka amalize."

Huyu ni mimi. Kwa hiyo mambo yangu yalikuwa wazi: pikipiki ikiwepo nalala nyumbani, isipokuwepo naenda geto.

Baba hajui kuendesha pikipiki. Anaendesha baiskeli na jembe la ng'ombe, basi. Dereva akawa baba mdogo, kitinda mimba wa kwao, ambaye anachimba kwenye machimbo hayo hayo ya nyuma ya shule, na ambaye tangu nizaliwe sijamwona akikosa jibu. Baba alimpa masharti mbele ya mama na mimi. Ampeleke mtoto shule asubuhi, amrudishe jioni. Kati ya hapo pikipiki ikae kivulini, isibebe abiria, isibebe mawe. Jumamosi na Jumapili ilifungiwa ndani kando ya magunia, na baba akaenda kanisani kwa baiskeli yake kama zamani. Baba mdogo alikubali yote, kichwa ameinamisha. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, maana hajawahi kuinamisha kichwa kwa lolote, hata kwenye sala.

Dukani walimpa baba kofia ngumu moja, fulana yenye picha ya pikipiki mgongoni, na kitabu cha waranti. Meneja wa duka alimwambia kwamba kwa miezi sita alale usingizi; ikikohoa tu, ailete. Baba alimrudishia mama maneno hayo mara nyingi, kila mara kwa sauti ya meneja, mpaka mama akaanza kuondoka akiyasikia.

Kitabu kilikuwa chembamba, cha Kiingereza, na ndani yake kuna picha ya mtu aliyevaa glovu anakagua tairi huku anatabasamu, jambo ambalo sijamwona binadamu yeyote akilifanya. Nilikisoma siku hiyo hiyo baada ya chakula, baba mdogo amejilaza kiubavu kwenye mkeka. Nikasema sevisi ya kwanza, ya kubadilisha oili, ni kilomita mia tano au mwezi mmoja, kitakachotangulia. Sauti yangu ni ndogo. Nyumbani wameshachoka kuniambia niipandishe. Baba mdogo akainua kidole. "Mia tano," akasema, akaridhika, kama mtu aliyeelekezwa nyumba. Nikasema tena, "Au mwezi." Neno lilifika kwenye bakuli la mchuzi likaishia hapo. Hakuna aliyeuliza nimesema nini, na mimi si mtu wa kusema jambo mara ya tatu.

Wiki ya pili walimu walikuwa na kikao, tukaachiwa saa sita. Baba mdogo alikuwa ananitegemea saa kumi, kwa hiyo nikakata kupitia machimboni kumtafuta. Sipendi kupita pale. Mtu mmoja akikusalimia, kumi wanageuka. Niliinamisha macho nikafuata sauti ya injini, kwa sababu niliijua. Ilikuwa sauti ya kitu kinachokwenda kasi sana, ila haikuwa inasogea.

Pikipiki ilikuwa imesimamishwa kwa stendi ya kati juu ya magogo mawili yaliyozikwa nusu. Gurudumu la nyuma limevuliwa tairi, imebaki rimu tupu, na kwenye rimu imezungushwa kamba. Kamba inaingia kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, ambalo ukichungulia huoni mwisho. Baba mdogo amekaa kwenye kiti kama anaenda Mwanza, kofia ngumu kichwani, anavuta mafuta. Injini inalia, moshi unatoka, kamba inajikunja kwenye rimu, na baada ya muda kiroba cha mawe kinachungulia kwenye mdomo wa shimo kama kichwa cha mtu. Wenzake wanakipokea. Yeye anakata gia, kamba inashuka, anaanza safari nyingine. Sijawahi kuona mtu amekaa juu ya kitu chenye magurudumu, ana bidii kiasi kile, na haendi popote.

Kabla ya hapo viroba vilikuwa vinavutwa na wanaume wawili wanaozungusha winchi ya mti kwa mikono. Sasa hao wawili walikuwa wamekaa chini wanakula miwa, na wanamsifia.

Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Msomi, njoo usome mita hapa," akasema.

Nikasoma. Akaniuliza kama imesogea. Nikatikisa kichwa, kwa sababu mita ya pikipiki ile inasukumwa na gurudumu la mbele, na la mbele lilikuwa limetulia kabisa.

"Basi. Haitembei, haichakai. Kaka alisema isibebe abiria, imebeba? Alisema isibebe mawe. Mawe yanabebwa na kamba."

Wakacheka wote. Mmoja akasema huyu wangempeleka bungeni, machimbo yanamchelewesha. Baba mdogo akaipokea kauli hiyo kwa kupiga honi.

Fizikia mimi nafaulu. Nilijua kwamba injini haina habari na barabara. Inazunguka, na kila mzunguko unaila kidogo. Nilijua pia kwamba injini kama ile inapozwa na upepo wa safari, na pale hapakuwa na safari wala upepo. Nilisimama na elimu yangu yote kama mtu aliyeshika ndoo ya maji mbele ya nyumba inayoungua, anaona aibu kumwaga kwa sababu watu wanamtazama. Kisha nikaenda kukaa chini ya mti kusubiri saa kumi ifike. Ilipokaribia, wakarudisha tairi, baba mdogo akaifuta vumbi pikipiki kwa shati lake, akanirudisha nyumbani akiimba.

Ningeweza kusema nilinyamaza kwa sababu ya haya, na kila anayenijua angekubali. Lakini nilikuwa nimefikiri. Baba akijua, atamnyang'anya baba mdogo ufunguo. Yeye mwenyewe hajui kuendesha. Pikipiki itabaki ndani na magunia, na mimi nitabeba godoro. Pikipiki inayouawa taratibu ilinifaa kuliko pikipiki iliyofungiwa. Ndivyo nilivyofikiri nikiwa nimekaa nyuma ya mgongo wa mtu ninayemdharau, nimeshika chuma cha nyuma ili nisiguse shati lake.

Wiki ya tatu nilianza kuunguzwa vigimbi na joto la injini hata kabla hatujafika nusu ya njia. Wiki ya nne ikaanza moshi wa buluu, na kugonga kwa ndani, kama mtu anayekung'uta kijiko kwenye sufuria. Baba mdogo alisema injini inajizoesha, kwamba zote zinaanza hivyo, kwamba ya rafiki yake ililia hivyo hivyo mwaka mzima na bado ipo. Siku mwezi ulipotimia nilimwambia, tukiwa barabarani, kwamba kitabu kilisema mwezi. Upepo ukayachukua maneno. Akageuza shingo, "Eeh?" Nikasema, "Hamna."

Ikafa Jumatatu ya wiki ya sita, tukirudi, kilomita tano kabla ya kufika nyumbani. Haikuzima kama kitu kinachoishiwa mafuta. Ilikaza, gurudumu la nyuma likaburuza, tukasimama kando ya majaruba ya mpunga, na harufu ya kuungua ikatufunika. Baba mdogo akashuka, akaitazama, akaipiga teke kiki. Haikushuka. Akaipiga teke pikipiki yenyewe, kisha akaangalia kama nimeona.

Tukaisukuma. Kila bodaboda aliyepita alisimama kutoa elimu. Wa kwanza alisema plagi. Wa pili alisema petroli za chupa zimechanganywa na mafuta ya taa. Mmoja ambaye pikipiki yake mwenyewe ilikuwa imefungwa eksozi kwa waya alituambia tatizo ni kununua vitu vya bei rahisi. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alisema kuna mtu ametuonea kijicho, akataja na ukoo. Mimi nilikuwa nasukuma kwa nyuma na begi la shule mgongoni, na nilikuwa najua, na hakuna aliyegeuka kuniuliza. Nilijisikia bora kuliko wote pale barabarani. Nakiri hilo. Nilikuwa na jasho mpaka machoni na najisikia bora.

Baba alipoiona hakukasirika. Kitu kibaya zaidi, alifurahi kidogo. "Si kuna kitabu?" akasema. Alikuwa amekisubiri kitabu kile kifanye kazi yake. Akamuuliza baba mdogo kama masharti yamefuatwa, baba mdogo akasema, "Kaka, angalia mita mwenyewe. Mia tano ya sevisi hata haijafika." Baba akaniita nimsomee mita, nikamsomea. Akasema kesho twende sote Kahama, na mimi niende, kwa sababu ya Kiingereza.

Tulipanda kenta la mpunga alfajiri, pikipiki imefungwa kwa kamba kati ya magunia. Baba alivaa ile fulana ya dukani. Aliipiga pasi. Nilitaka kumwomba avae shati lingine, kwa sababu nilijua tutakavyoonekana, lakini na hilo sikulisema.

Dukani meneja alitoa shikamoo kabla baba hajamaliza kuingia na hakusubiri marahaba. Alikuwa amejipulizia manukato ya kutosha watu watatu na kiunoni ananing'iniza funguo nyingi kama askari magereza. Hakumkumbuka baba. Alisoma fulana yake kwanza, ndipo akasema, "Aaa, mzee wangu, mteja wetu." Baba akamweleza taratibu, tangu mwanzo, kama anavyoeleza mambo kanisani, na meneja akawa anajibu ujumbe kwenye simu. Tulipotaja kilomita ndipo akainua macho.

Wakaisukuma pikipiki uani kwa fundi, na meneja akatoa fomu. Akauliza kama tulikuwa tunaweka petroli za chupa. Baba akasema hapana, ya kituoni. Akauliza ilikuwa inabeba nini.

"Mtoto mmoja na begi lake," baba akasema. "Huyu hapa. Shule na nyumbani. Haijaenda pengine."

Wote wakanitazama. Mimi nilitazama vigae vya sakafu. Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali, kwa huzuni, kama shahidi.

Meneja alikuwa anaandika. Mimi nimezoea kusoma vitu vikiwa vimegeuka, ni kipaji cha watu wanaokaa kimya, na juu ya meza nilisoma kwamba kwenye kisanduku cha chini, mahali pa uamuzi, alikuwa ameshaandika kwa Kiingereza kwamba mteja ametumia vibaya na madai yamekataliwa. Fundi alikuwa bado anatafuta spana. Injini haijafunguliwa hata boliti moja. Kijana yule aliyesema tulale usingizi miezi sita alikuwa amemaliza kesi kabla haijaanza, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, haukuwa na haraka. Kisha akaigeuza fomu, akamwonyesha baba mahali pa kusaini, chini ya maneno kwamba mteja anathibitisha pikipiki imetumika kwa safari za kawaida tu. Akayasoma kwa Kiswahili, kwa haraka. Baba akaomba ayasome tena polepole. Baba hasaini kitu ovyo.

Meneja akaitwa na wateja wengine, akayarudia baada ya saa nzima; baba alikuwa ameshashika kalamu, hajasaini, fundi alipoingia ameshika pistoni kwa kitambaa. Alikuwa mtu mnene, mpole, anaongea Kiswahili cha mjini kabisa. Aliiweka pistoni juu ya gazeti. Ubavu wake ulikuwa umechanika mistari mistari kama umekwaruzwa na misumari. Oili aliyoileta kwenye kopo ilikuwa nyeusi, nzito, ukiinamisha kopo inafikiria kwanza ndipo inashuka.

"Hii injini ni ya miaka," akasema.

Meneja akamwambia ina kilomita mia nne na kitu. Fundi akasema ameona, na ndiyo maana anashangaa. Tairi la mbele lina nywele. La nyuma lina nywele. Lakini cheni imelegea, meno ya sproketi yamechongoka kama ya msumeno, na rimu ya nyuma imekwanguliwa rangi pande zote katikati, mahali ambapo barabara haifiki. Akamuuliza baba, kwa adabu, gurudumu hili limefanya kazi gani.

"Barabara yetu ni mbovu," baba mdogo akasema.

"Barabara inaingia ndani ya tairi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, baba mdogo alichelewa kujibu.

Baba alimtazama mdogo wake. Kisha akanigeukia mimi, akaongea Kisukuma, sauti ya chini, ili mambo yabaki ya nyumbani. Aliniuliza, kila siku wewe unaipanda. Hii pikipiki ilikuwa inafanya kazi gani? Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake.

Nililiona geto. Niliuona mlango wake wa bati na wanaume wakipita. Nikafikiri, nikisema haijafanya kitu, baba atasaini, na jina lake litakuwa juu ya uongo, na karatasi yenyewe imeshakataliwa tayari. Nikisema kweli, hakuna kitakachobadilika dukani, ila nyumbani kila kitu. Nilimwona baba na fulana yake iliyopigwa pasi, anasubiri, hajui ni nani pale ndani anamcheka. Nikajibu kwa Kisukuma kwamba ilikuwa inavuta mawe kutoka shimoni, imesimama, kila siku nikiwa darasani.

"Ng'hana," fundi akasema, yaani kweli. Alikuwa Msukuma kutuzidi. Akaendelea kwa Kisukuma kwamba hii ni ya tatu anaifungua mwaka huu, na zote zimekuja na kilomita chache na nailoni kwenye tangi.

Baba akaiweka kalamu juu ya meza.

Hapo baba mdogo akapata tena kinywa chake. Akasema sawa, imevuta kamba, lakini kosa liko wapi? Watuonyeshe kwenye kitabu palipoandikwa kwamba kuvuta kamba ni marufuku. Meneja, ambaye sasa alikuwa anaona raha, akanipa kitabu nisome kwa sauti. Nikasoma yaliyokatazwa: mashindano, kuzidisha uzito, kubadilisha injini, kukosa sevisi ya kilomita mia tano au ya mwezi mmoja.

"Umesikia, kaka? Kamba haimo."

Na kweli haimo. Huko kiwandani hakuna aliyeweza kuwaza kwamba kuna mahali mtu atanunua kitu chenye magurudumu ili asimame nacho. Nilimdharau baba mdogo pale kuliko siku zote, na hapo hapo nikaona ana hoja. Meneja akasema yote hayo hayana maana, sevisi ya mwezi haikufanyika, waranti imekufa siku hiyo. Akamsikitikia sana mzee wangu. Akamwambia wanaweza kuitengeneza vizuri tu, kwa gharama yake. Baba akasema asante, arudishiwe pikipiki yake na vipande vyake vyote. Hakubishana. Fundi ndiye aliyetusaidia kuipakia, meneja alikuwa na mteja mwingine, anamwambia habari za usingizi.

Wakati wa kurudi baba mdogo alikaa mbele na dereva, nikasikia anamweleza kwamba kampuni imeogopa. Bado anasema hivyo mpaka leo huko machimboni, ambako wamerudi kwenye winchi ya mti. Mimi na baba tulikaa nyuma na pikipiki. Tulipoacha lami akaniuliza nilijua tangu lini.

"Wiki ya pili."

Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kwamba angemnyang'anya baba mdogo ufunguo, na nani angenipeleka shule.

"Ningejifunza," akasema.

Sikuwa nimewaza hilo. Wiki zote zile, katika mipango yangu yote, baba alikuwa mtu wa baiskeli na jembe la ng'ombe, amekwisha, hajifunzi. Nilikuwa nimemdharau meneja, bodaboda wa njiani, mzee wa ng'ombe, baba mdogo kila siku iendayo kwa Mungu, na nilidhani baba sikumweka humo. Kumbe nilimweka wa kwanza. Ana miaka arobaini na kitu tu.

Nilitaka kumpa kitu, basi nikamwambia habari za fomu: kwamba meneja alikuwa ameandika kukataa kabla injini haijafunguliwa, nilisoma juu chini. Nilifikiri itamfariji kujua kwamba wangetukatalia vyovyote vile.

"Na hilo nalo ulilisoma ukanyamaza," akasema. Hakuniangalia. "Wakati nimeshika kalamu."

Jumapili ya wiki hiyo akanipeleka geto. Dada alilia, mama akanipangia vyombo kwenye ndoo. Baba alifunga godoro nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaisukuma badala ya kuipanda, mimi nikatembea kando na ndoo yenye vyombo na daftari. Kilomita tisa. Aliongea mara mbili tu, mara zote mbili kuhusu jua. Chumba si kile cha dada. Ni cha mama mmoja mtu mzima anayekaanga mihogo barazani kwake, na mlango wake unatazama uani, si barabarani. Baba alikuwa ameshakuja kukiona bila kutuambia.

Mama mwenye nyumba alisalimiana naye, akamweleza masharti ya uani: saa ya kufunga geti, zamu ya kufagia, hakuna wageni. Kisha akauliza kama kuna jambo anapaswa kujua kuhusu mtoto.

"Huyu hasemi," baba akamwambia. "Ukimuuliza kitu akinyamaza, usidhani amekubali. Muulize mara ya pili."

Mama yule alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye vumbi. Akaniuliza kama nimekula. Sikujibu. Baba alikuwa anafungua mpira wa godoro, akaacha, akasimama. Mama akaniuliza tena.

Nikasema sijala.